Nilizaliwa 1998, niombe musamaha ya 1992?

SWALI: Muzee, jambo sana. Niko kijana wa hapa Lubumbashi, komini ya Kenya, baba na mama bote ni Bakatanga. Muchumba wangu familia yake ni Bakasai, bako Katuba tangu zamani. Tulienda kujijulisha kwao, baba yake akaniangalia akasema "ninyi njo mulitufukuza". Muzee, mimi nilizaliwa 1998, nilifukuza nani? Muchumba anasema niombe tu musamaha mambo iishe, bajomba zangu banasema nikiomba nimekubali hatia ya kabila nzima. Nifanye nini?

JIBU: Kijana yangu, bajomba zako hawakukosea kabisa, lakini banasimama mapema sana, kuko njia ingine mbele.

Kwanza kwa basomaji badogo, juu kwa nyumba nyingi hii habari haisemwi. Bakasai hawakukuya huku juzi, Union Minière (kampuni ya migodi ya shaba ya wakati wa Babeleji) ilibaleta kwa wingi kuanzia miaka ya 1920 juu ilikuwa inatafuta batu ya kazi, na batoto na bajukuu babo balizaliwa hapa hapa. Sasa 1992 Étienne Tshisekedi (muzee, si mutoto) akachaguliwa waziri mkuu kule Kinshasa na Conférence nationale (mukutano mukubwa wa inchi nzima), na huku kwetu Katanga bakubwa ba siasa banaita Bakasai "bilulu" (badudu) mbele ya batu na batu banapiga makofi. Likasi ikawaka, Kolwezi ikafuata 1993, familia nzima zikalala stesheni na magodoro na sufuria kungoja treni, bengine balifia pale pale na bengine njiani. Huyu baba mukwe wako pengine anakumbuka majina ya majirani.

Kuko mufilozofu mumoja Mujerumani, Karl Jaspers, bibi yake alikuwa Muyahudi na utawala wa Hitler ulimuondoa kwa kazi ya univerisite 1937. Vita ilipoisha dunia yote ikawa inasema Bajerumani bote bako na hatia, yeye akatoa kitabu 1946 akasema ngojeni, hatia iko aina ine. Ya kwanza ni ya kuvunja sheria, ile ni ya tribinali na inashika mutu mumoja mumoja. Ya siasa inashika raia bote ba inchi, hata kama mikono yako ni safi utalipa pamoja na bengine. Ya roho kila mutu anajihukumu yeye mwenyewe, na ya ine ni kati yako na Mungu, ile ya kuwa uko muzima na jirani aliuawa ukimuona. Mwanafunzi wake Hannah Arendt naye alikuwa mukali sana hapa: ukisema bote bako na hatia, bale balifanya kweli banajificha ndani ya hiyo "bote".

Kwa hiyo hatia ya 1992 si yako, usiibebe, na mutu asikubebeshe juu ya jina la ukoo. Lakini wewe ukirizi parsele utarizi na bili ya maji yenye baba hakulipa, huwezi kusema ile maji sikunywa. Mugini huu umeurizi.

Mimi ningekuwa wewe nisingeenda kuomba musamaha, ningeenda kukaa na huyu baba nimuambie "papa, niambie vile ilikuwa", kisha ninyamaze, hata kama inachukua siku nzima, hata kama anakasirika, bila kuingiza "lakini na sisi". Halafu (hii njo ngumu) rudi kwenu uulize baba yako alikuwa wapi ile siku na alifanya nini. Usimuulize kama jaji. Pengine alificha mutu, balikuwako Bakatanga balificha majirani, na haukujua hata siku moja juu hakuna mutu aliuliza. Pengine alifunga mulango tu. Ukishajua, utakuwa na kitu cha kweli cha kumuambia mukwe wako. Na ile siku rafiki zako banaanza tena mambo ya "barudi kwabo" mbele yako, pale ukinyamaza kosa itakuwa yako wewe.

SWALI: Mimi ni admini wa grupu ya WhatsApp ya avenyi yetu. Mumoja anatuma odio za kutukana kabila ingine, nikimutoa anasema sina uvumilivu. Ni kweli?

JIBU: Hapana. Mufilozofu Karl Popper aliandika 1945 kwamba uvumilivu usio na mupaka unajiua wenyewe, ila hakusema tufunge midomo ya kila mutu tusiyemupenda, kama mutu anakubali kubishana kwa maneno basi mujibu kwa maneno, anayekataa maneno na kufundisha batu kujibu kwa ngumi ao bunduki njo hatuna deni ya kumuvumilia. Sasa sikiliza tena zile odio. Kama anasema "bale ba kabila fulani bananikera", mujibu mbele ya bote, usimutoe. Kama anasema tunajua nyumba zabo, mutoe leo, chunga ile odio, na uende kuambia bale banaotajwa.