Re: Chembe zikifungamana ndo nonlokaliti yenyewe?

Ndugu yangu, umeuliza kama ufungamano wa kwanta (chembe mbili kushikamana kiasi kwamba huwezi kueleza hali ya moja peke yake) na nonlokaliti (majibu ya vipimo kulingana kuliko yanavyoweza kulingana kama yangepangwa tangu mwanzo) ni kitu kimoja, hapana, ni majirani tu. Chukua kandambili: ya kushoto nimeiacha Kampala, ya kulia iko kwenye begi niko ndani ya basi la Gulu, nikifungua begi nikaiona basi najua iliyobaki nyumbani ni ya kushoto, hapo hakuna maajabu sababu ilikuwa ya kushoto tangu mwanzo. Sasa mwanafizikia John Bell mwaka 1964 ndo alionyesha fizikia ya kwanta inapita hapo. Ukipima chembe mbili kwa pembe tofauti tofauti ukapiga hesabu ya jinsi majibu yanavyolingana, mambo ya kandambili, yaani majibu yaliyopangwa tangu mwanzo, hayavuki 2 ila kwanta inaweza kufika karibu 2.83, na maabara wamepima kweli wakakuta imevuka, wanafizikia Aspect, Clauser na Zeilinger wakapewa Nobel 2022 kwa vipimo hivyo. Huko kuvuka ndo nonlokaliti.

Bila ufungamano huvuki kamwe. Lakini kufungamana peke yake hakutoshi, na hapa ndo mi napapenda sana, mwanafizikia Werner mwaka 1989 alionyesha kuna hali za chembe zenye kelele, yaani zilizochanganyika na vurugu za kubahatisha, ambazo bado zimefungamana ila ukizipima kawaida kila kitu kinaelezeka kikandambili tu. Na meseji huwezi kutuma kwa kupima chembe hizi, kila upande unaona majibu ya kubahatisha mpaka mpigiane simu mlinganishe.