Fundi Anajibu: Kipoozeo cha maji au cha feni?

SWALI: Asalaam alaykum fundi. Nipo Wete, Pemba, nahariri video za harusi nyumbani. Kompyuta yangu ya mezani ina prosesa ya Ryzen 5 5600 na kile kifeni kilichokuja nayo kwenye boksi. Nikianza kutoa video ndefu, joto linapanda mpaka digrii 90, feni inapiga kelele na kazi inazorota. Binamu yangu wa Dar ananambia nitie kipoozeo cha maji. Nimsikilize?

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Kifeni kile ni kidogo, hapo binamu yako kasema kweli. Digrii 90 ndicho kikomo cha prosesa hiyo. Ikifika hapo hujipunguzia mwendo isiungue. Lakini maji usiyakimbilie.

Maji hayapoozi kitu, yanabeba tu. Pampu huyatoa juu ya prosesa ikayapeleka kwenye rejeta, na huko wa kufukuza joto ni feni zile zile na hewa ile ile ya chumbani mwako. Kaskazi ikikaza na chumba kikawa digrii 33, si feni si maji yatakayoishusha prosesa chini ya hapo. Faida moja ya maji ni kuchelewa kupata moto. Sasa wewe na harusi zako, tangu nikaha mpaka bi harusi kutoka ukumbini, kompyuta inakoroma mchana kutwa. Ucheleweshaji huo utakwisha mapema.

Tena prosesa yako ni ya wati 65. Ungekuwa na prosesa kama Core i9-14900K, inayofika wati 253, tungezungumza mengine.

Nunua kipoozeo cha mnara chenye mirija ya shaba na feni ya milimita 120. Feni ikifa, unafunga nyingine ya ukubwa huo huo, basi. Pampu ikifa usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi, wewe na boti ya kutoka Unguja. Na vipoozeo vingi vya maji havifunguliki kuongezwa maji, ilhali hupungua kidogo kidogo kupitia kwenye mipira.

Kabla ya kung'oa kile cha zamani, iache kompyuta ifanye kazi dakika kumi, pesti (ule ute wa kupitishia joto kati ya prosesa na kipoozeo) ilainike. Zima, chomoa umeme, kisha kizungushe kushoto na kulia ndipo ukinyanyue. Ukikivuta kwa pupa, prosesa itatoka nacho na pini zake zipinde. Kazi ya kuzinyoosha siitamani. Pesti mpya, tone la punje ya mbaazi latosha. Bandua na ile karatasi ya plastiki chini ya kipoozeo, maana wengi huisahau.

Kompyuta iondoe sakafuni, na dirisha la upande wa bahari ilipe mgongo: chumvi hula alumini.

Minara mingi huenda milimita 155 kwa urefu, kwa hiyo pima kwanza toka juu ya prosesa mpaka ubavu wa kava. Na dukani usilipe mpaka uonyeshwe vyuma vya kufungia kwenye soketi ya AM4, yaani kikao cha prosesa yako, ndani ya boksi.