Breki inayojishika kwenye foleni ya feri

SWALI: Fundi, salaam aleikum. Nimenunua gari la umeme, na kila asubuhi nasimama kwenye mteremko wa Likoni nikingoja feri. Nikiwasha kitufe cha AUTO HOLD, gari linabaki palepale hata nikiondoa mguu. Halimalizi betri? Naweza kuliamini?
Msomaji, Likoni

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Betri usiihofie. Hapo kinachoshika gari si mota, ni mafuta ya breki yaliyobaki yamebanwa, kana kwamba mguu wako bado upo. Ndiyo maana taa nyekundu za nyuma huendelea kuwaka.

La kuamini ndilo linalonipa wasiwasi. Gari likisimama kabisa, kandamiza breki mpaka taa yake ya kijani iwake kwenye dashibodi, ndipo uondoe mguu taratibu. Haijawaka? Mguu hautoki. Mimi mteremkoni pale huuacha mguu juu ya pedali ya breki, maana mbele yangu ni watu na mikokoteni, na ukigusa tu pedali ya mwendo, breki inaachia na gari linaondoka.

Ukishaingia ndani ya feri, weka gia ya P, ya kuegesha, na handibreki. Magari mengi hujifunga handibreki yenyewe dereva akifungua mkanda au mlango, lakini usingoje gari likufanyie.

Na unapoegesha mahali pa kubana, kizime kitufe cha AUTO HOLD. Kikiwa kimewaka, gari hunata, ukiongeza kidogo linaruka, na ukuta uko karibu.