Jibu: Salio la matembezi ya hisani lisilipie ada

Ndugu mweka hazina, umeuliza kama salio la matembezi ya hisani linaweza kulipia ukumbi na ada za makao makuu, maana mfuko wa utawala umekauka. Hapana, ndugu yangu, usiliguse.

Kwetu Lions, klabu za kujitolea kuhudumia jamii, kanuni iko wazi: kila shilingi iliyotoka kwa umma irudi kwa umma, hata riba yake benki. Ndiyo maana tuna akaunti mbili. Ya utawala inalishwa na ada za wanachama, nayo hulipa ukumbi, chai na makao makuu. Ya huduma hupokea michango, nayo hununua miwani na madawati. Unachoruhusiwa kukata kwenye mapato ya matembezi ni gharama za matembezi yenyewe: fulana, maji, turubai. Weka risiti.

Nilipokabidhiwa hazina nilikuta hesabu za akaunti zote mbili kwenye daftari moja. Mstari mmoja uliandikwa "mengineyo" tu, hela nyingi, bila karatasi. Niliumia sana, kwa sababu nilimkumbuka mama muuza maandazi aliyetumbukiza noti yake kwenye ndoo yetu akijua inaenda kwa mtoto mwenye mtoto wa jicho.

Pengo lako ni ada. Mwaka wetu unaanza Julai 1, kwa hiyo fuatilieni wadaiwa sasa, mmojammoja, kwa simu, siyo kwenye kundi la WhatsApp. Asiyeweza kwa mkupuo alipe kila mwezi. Na ukumbi wa kulipia mnauhitaji kweli? Sisi tulihamishia mikutano yetu darasani, siku za Jumamosi.