Ni "run", si "set"
Kaka, umesema neno la Kiingereza lenye maana nyingi kuliko yote ni "set", lakini hiyo ilishika nafasi ya kwanza zamani. Katika kamusi kubwa ya Oxford, toleo la 1989, ndiyo iliyokuwa na maelezo marefu kuliko maneno yote, maana kama 430. Wahariri walipokuja kuipitia upya "run", kitenzi peke yake kikafika 645. Mashine zimechangia sana: injini, saa, sasa na programu za kompyuta, zote Mwingereza anasema zina-"run".

Nafundisha Kiingereza sekondari hapa Iringa na neno hili nalikuta kila wiki kwenye madaftari. Mwanafunzi anajua "kimbia" tu, basi mto Ruaha Mdogo "unakimbia", duka "linakimbizwa", mafua nayo "yanakimbia" puani. Huwa nawarudisha kwenye "piga" yetu: pasi, simu, mswaki, kura, hodi. Hapo wanaelewa haraka kwamba maana inakaa kwenye neno linalofuata.

Ila 645 ni hesabu ya kamusi hiyo moja, inayochambua mpaka matumizi ya kale. Kamusi ya mwanafunzi itakupa maana chache kuliko hizo, kwa sababu kila mhariri ana namna yake ya kuzigawa.