Barua za Kiingereza: salamu zina mahala pake

Mara hii maswali mengi yamekuja kuhusu barua za Kiingereza, za ofisini na za kirafiki. Wengi ni wanafunzi, lakini wamo pia watafuta kazi na mama mmoja wa Mkoani, Pemba, ambaye swali lake limenigusa zaidi kuliko yote.

Asalaam alaykum maalim. Nasoma kidato cha nne, Wete. Kwenye jaribio niliandika barua ya kuomba kazi, nikaanza "How are you? I hope you are fine. Back to me, I am fine." Mwalimu kaipiga mstari mwekundu yote na kunikata alama. Salamu ina kosa gani?

Waalaykumu salaam mwanangu. Salamu haina kosa, ila umeiweka pasipo pake. Sisi tumelelewa kwamba mtu hatoi haja yake kabla hajapiga hodi na kuulizia hali za watu wa nyumba. Barua za wazee wetu, zile za herufi za Kiarabu, zilianza kwa kumsifu mwandikiwa, zikafuata salamu ndefu, kisha ndipo "ama baada" na habari yenyewe. Mkono wako umeandika ulichofunzwa nyumbani, wala usione haya.

Muingereza akiwa ofisini heshima ameiweka pengine. Kwake adabu ni kutompotezea mtu wakati. "Dear Sir or Madam" ndiyo hodi na ndiyo salamu, imekwisha. Chini yake weka kichwa cha habari, na sentensi ya mwanzo iseme umekuja kutaka nini: "I am writing to apply for the post of..."

Hilo "back to me" liache kabisa, hata kwa rafiki. Ni "ama kwa upande wangu" iliyovalishwa maneno ya Kiingereza, na mwenye lugha yake haelewi umetoka wapi hata ukarudi. Ndugu yake ni "refer to the heading above", inayotokana na ile "husika na kichwa cha habari hapo juu" ya barua zetu za serikali. Msomaji kichwa ameshakiona, hana haja ya kurudishwa.

Anwani mbili zinakaa wapi? Na sisi tusio na sanduku la posta?

Anwani yako juu kulia, na tarehe chini yake. Ya unayemwandikia kushoto, mstari au miwili chini ya tarehe. Ofisi nyingi siku hizi huandika vyote kushoto, nako si kosa, lakini kwenye mtihani fuata ulivyofundishwa darasani. Jina lako usilitie kwenye anwani, mahala pake ni mwisho, chini ya saini. Kama nyumbani hakuna sanduku, tumia la skuli. S.L.P. inageuka P.O. Box, lakini majina ya mahala hayafasiriwi: Chake Chake ni Chake Chake.

Mwezi uandike kwa herufi. Ukiandika 7/4, Muingereza atasoma tarehe saba Aprili na Mmarekani atasoma tarehe nne Julai.

Barua ya kirafiki inataka anwani moja tu, yako. Haina kichwa cha habari wala cheo.

Nimemaliza skuli, niko Makunduchi. Naomba kazi ya mapokezi katika hoteli ya Jambiani. Rafiki yangu anasema nimalizie "Yours faithfully", dada yangu anasema "Yours sincerely". Nani kasema kweli?

Wote wawili, inategemea umefungua vipi. Kwa Kiingereza cha Uingereza, ambacho ndicho tunachofundishwa, mwanzo na mwisho wa barua huenda pamoja kama viatu. Ukianza bila ya jina, yaani "Dear Sir" au "Dear Sir or Madam", unamaliza kwa "Yours faithfully". Ukianza kwa jina, kama "Dear Mrs Brown", unamaliza kwa "Yours sincerely". Herufi kubwa ni ile ya "Yours" peke yake, neno la pili linaanza kwa ndogo. Meneja akiwa Mmarekani, ataona "Sincerely" peke yake ni kawaida, maana kwao "Yours faithfully" haitumiki sana.

Lakini ushauri wangu mkubwa ni huu: kabla hujaandika, nenda hadi getini au piga simu uulize jina la meneja, na limeandikwa vipi. Barua yenye jina lake, herufi zote zikiwa sawa, inaonesha kwamba umeitaka kazi ile hasa, si kazi yoyote.

Barua yenyewe isizidi ukurasa. Aya ya kwanza: kazi gani, na umeiona wapi. Ya pili: una nini cha kuwafaa. Hapa vijana wetu hujinyima. Mnaandika "I am hardworking and honest", maneno ambayo kila mwombaji ameyaandika, mkaacha kusema kwamba mnazungumza Kiitaliano cha kujifunza pwani au kwamba mmewahi kusaidia kupokea wageni kwa shangazi. Andika hilo: "I speak Swahili, English and some Italian, and I have helped my aunt to receive guests at her guest house." Sentensi moja kama hii ina uzito kuliko sifa kumi. Ya tatu: lini unaweza kuja kuonana nao.

Angalia mitego hii. Ni "apply for a job", si "apply a job". Ni "I request an interview", si "I request for". Na ni "I look forward to hearing from you". Wengi huandika "to hear", kwa sababu tumezoeshwa kwamba baada ya "to" kitenzi hakiongezwi kitu. Hapa "to" ni ya namna nyengine, inataka nomino baada yake, ndiyo maana kitenzi kinapata "-ing".

Barua ya sheha nimeambiwa niiambatishe kwenye maombi ya masomo nje. Sheha kwa Kiingereza nani?

Usimtafutie jina jengine. Mwandike Sheha, kisha mweleze mara moja: "a letter from the Sheha, who is our local government officer". Baada ya hapo endelea na Sheha tu.

Mwanangu yuko Uingereza anasoma. Alipougua, mama mmoja wa jirani alimpikia na kumpeleka hospitali. Nataka kumshukuru kwa barua ya mkono wangu, lakini Kiingereza changu kidogo na nachelea kukosa adabu. Mimi ni mama wa Mkoani.

Dada yangu, hii ndiyo barua yenye nafasi ya salamu. Anza "Dear" na jina analoitwa na mwanao. Muulize hali yake na watu wake. Kisha mwambie jambo lenyewe, kama lilivyo: "Thank you for looking after my daughter when she was ill. You cooked for her and took her to hospital. I was far away and I could not sleep. Now I sleep because you are there." Maneno mepesi, na hakuna anayeweza kuyaandika isipokuwa mama. Usiende kutafuta maneno makubwa kwenye kamusi, yataificha sauti yako. Mwandikie kuhusu mvua, karafuu zilizoanikwa uwanjani, wajukuu. Mkaribishe Pemba. Malizia "With love" au "With best wishes", na jina lako la kwanza. "Yours faithfully" hapa itamfanya adhani umemletea ankara.

"I'm" na "don't" zinaruhusiwa?

Kwa rafiki, ndiyo. Ofisini andika "I am", "do not".

Jina langu ni majina matatu: langu, la baba na la babu. Wazungu waniandikie "Dear Mr" nani?

Wao huchukua la mwisho, yaani utaitwa kwa jina la babu. Likubali, na saini majina yote matatu kwa mpangilio ule ule wa pasipoti, kila barua. Nawe ukiwaandikia, "Mr" inafuatwa na jina la ukoo tu: "Dear Mr Brown", si "Dear Mr John".

Kwenye sanduku la marehemu babu nimekuta nakala ya barua yake kwa serikali, inamalizia "I have the honour to be, Sir, Your obedient servant". Naipenda. Niitumie?

Ni ya zama za himaya ya Uingereza hapa Zanzibar, 1890 hadi 1963. Hata Waingereza wenyewe, wakubwa kwa wakubwa, waliandikiana hivyo, ilikuwa desturi ya kalamu. Leo imepitwa na wakati, tumia "Yours faithfully". Barua yenyewe ikinge na mchwa na unyevu, na ukiona huna pa kuiweka, wapo watu wa Nyaraka, wanaohifadhi maandishi ya zamani, kule Kilimani, mjini Unguja.

Barua pepe nayo inataka anwani mbili?

Haitaki, wala tarehe, vinakuja wenyewe. Kichwa cha habari kinaingia kwenye sehemu yake ya juu, yaliyobaki ni yale yale. Chini ya jina weka nambari ya simu. Faili la wasifu unaloambatisha lipe jina lako kamili, kwa sababu meneja atakuwa nayo mengi, na lako alikute bila ya kulifungua.