Gari ya kifahari niliinunua milioni 26, spea zake hazikujua kama nimeipata kwa bei chee

Wiki iliyopita dogo mmoja wa Uyole, huku kwetu Mbeya, kanitumia meseji, kavuna viazi vizuri mwaka huu na kuna jamaa anamuuzia gari ya kifahari kwa bei ya Harrier, je achukue? Nikacheka, halafu nikanyamaza, maana huyo dogo ni mimi wa 2021.

Mwaka ule mchele ulinilipa. Nilikuwa natoa mzigo Ubaruku naushusha Dar, hela ikawa inaniwasha mkononi, nikachukua ndinga ya Kijerumani (nembo siitaji, sitaki kesi) kwa mtu, milioni 26. Viti vya ngozi, inapanda na kushuka yenyewe kwa hewa. Siku ya kwanza napita nayo Mwanjelwa watu walionizoea kama dogo wa mchele wakaanza kuniita bosi. Siku ile siijutii mpaka leo.

Juni ikaingia na baridi yetu mnaijua. Asubuhi natoka nakuta gari imelala nyuma kulia kama ng'ombe anayecheua, nawasha inanyanyuka, naondoka zangu. Kumbe ndo kosa. Hizi gari hazina springi za chuma kama Noah, zina mabegi ya mpira yanayojazwa hewa na kompresa, yaani pampu ya hewa, sasa mpira ukizeeka unapata nyufa, kwenye baridi unakakamaa hewa inavuja zaidi, na kompresa inahangaika kufidia muda wote mpaka inaungua. Fundi akaona kompresa imekufa, akasema tubadilishe, nikatoa milioni 1 na laki 8, ikaja na basi toka Dar. Miezi miwili tu nayo ikafa, maana begi lenyewe hakuligusa! Nikanunua kompresa ya pili NA mabegi mawili. Shemeji yangu mwenye IST alicheka mpaka akakaa chini, shokapu zake zote nne zilikuwa hazifiki laki 5 na alizipata hapa hapa mjini. Kila Krismasi lazima anikumbushe, na bado inaniuma.

Habari za sensa za gari na taa za dashibodi sitawachosha nazo.

Kilichonimaliza ni mlima wa Kitonga, ule wa kona kali njia ya Iringa. Natoka Dar na mama mzazi, Ruaha Mbuyuni tumepita fresh, tumeanza kupanda, kwenye kona mshale wa joto ukaruka juu na mvuke ukatoka. Kitanki cha maji kimepasuka, ni cha plastiki, na plastiki za kwenye injini zikishapigwa na joto miaka kumi zinavunjika kama biskuti. Malori yanapiga honi nyuma, mama kakaa kwenye jiwe na kitenge chake anasali. Tukavutwa mpaka Iringa, mama nikampandisha basi, mimi siku tisa gesti nasubiri kitanki na pampu ya maji, fundi anafungua anakuta na hedi, kile kipande cha juu cha injini, imepinda. Milioni 4 na ushee.

Sasa nyie vijana wenzangu, maana najua wote tunaitaka hiyo heshima, nisikilizeni. Bei ya gari inashuka kila mwaka, bei ya spea haishuki, inabaki ya gari ya tajiri aliyeinunua mpya. Kwa hiyo kabla hujauliza bei ya gari uliza bei ya kompresa, ya begi, ya pampu ya maji. Mwambie muuzaji ailaze usiku kucha bila kuiwasha, uende alfajiri uone kama imeinama. Fundi akikuambia kitu kimekufa muulize kimeuawa na nini. Na uliza bei ya spea, narudia, uliza bei ya spea! Mungu hakukupa hela ya viazi ukamjengee ghorofa muuza spea wa Kariakoo, wakati mwanao karudishwa nyumbani hana ada. Tunapenda sana kuonekana sisi.

Yangu niliiuza milioni 9. Natembelea Noah, bosi siitwi tena, nimezoea.

Haya yote nilimrekodia dogo kwenye voisi kabla sijayaandika hapa, dakika kumi na moja. Akasikiliza zote, akajibu: "Asante sana kaka, nimekuelewa. Ila huyo uliyemuuzia, yeye haiuzi?"